Kulichambua neno hadi kwenye mzizi wake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtu anayetakiwa kwa mara ya kwanza kuligawa neno *anapika* katika sehemu zake mara nyingi huandika a-na-pi-ka. Kosa hilo halitokani na uzembe, bali hutokana na sikio: Kiswahili hutamkwa kwa silabi zilizo wazi, na silabi hizo ndizo tulizofundishwa kuzihesabu tangu tulipoanza kusoma. Hata hivyo, silabi ni kipande cha sauti, ilhali anachokitafuta mchambuzi wa maneno ni mofimu, yaani kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana au chenye kazi ya kisarufi. Sehemu *pi* haimwambii msemaji wa Kiswahili chochote, lakini *pik-* humwambia, kwa kuwa ndiyo inayobaki katika *pikia*, *pikwa*, *pikika* na *pikiana*. Mgawanyo ulio sahihi ni a-na-pik-a.

Elimu inayoshughulika na mambo haya huitwa mofolojia, jina lililokuwa la wataalamu wa viumbe hai kabla ya mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, August Schleicher, kulitumia katika isimu, yaani elimu ya lugha, mwaka 1859. Mwongozo huu hauhitaji isimu nyingi. Unahitaji karatasi, kalamu, kamusi nzuri, na kukubali kanuni moja ambayo hatua zote zinaitegemea: mpaka kati ya mofimu na mofimu hauonekani ndani ya neno lililo peke yake, bali huonekana neno hilo linapowekwa kando ya maneno mengine. Mifano karibu yote ni ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo msomaji anaweza kuipima kwa sikio lake mwenyewe, ingawa njia yenyewe hufaa kwa lugha yoyote.

Hatua ya kwanza: andika neno pamoja na maana yake

Usianze kukata kabla hujajua unachokikata. Herufi zile zile zinaweza kubeba maneno tofauti, na kila moja likawa na umbo lake la ndani. *Katika* iliyo kihusishi haigawanyiki, lakini ile inayosikika katika sentensi "uzi umekatika" ni kitenzi chenye sehemu tatu, kat-ik-a. Neno *ua* ni maneno yasiyopungua matatu: kuna ua linalochanua, ambalo wingi wake ni *maua*, kuna ua uliozungushiwa nyumba, ambao wingi wake ni *nyua*, na kuna kitenzi cha kuondoa uhai. Anayeandika *ua* pekee juu ya karatasi na kuanza kuchora vistari hajui bado anachambua lipi. Andika neno, andika maana yake kando, na ikiwezekana andika sentensi fupi ambamo neno limetumika.

Hatua ya pili: wakusanye ndugu zake

Chini ya neno lako, orodhesha maneno yanayofanana nalo kwa sauti na kwa maana kwa pamoja. Fanya hivyo kwa utaratibu, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuyaacha mengine kama yalivyo. Kutoka *anapika* tunapata *unapika* na *wanapika*, ambayo yanatuonyesha kwamba *a-* ya mwanzo inasimama peke yake kwa kuwa inaweza kuondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Tunapata *alipika* na *atapika*, ambayo yanaitenga *-na-*. Tunapata *anasoma* na *anakata*, ambayo yanautenga mzizi, yaani kiini kinachobeba maana ya msingi ya neno. Mwisho, *hapiki* na *apike* yanaonyesha kwamba hata irabu ya mwisho inabadilika, kwa hiyo nayo ni kipande chake chenyewe na si sehemu ya mzizi.

Sharti la kufanana kwa sauti na maana kwa pamoja lisipuuzwe. *Pilipili* haina uhusiano na *pili*, hata kama jicho linaona neno moja limerudiwa mara mbili. Kwa upande wa pili, *nyingi* na *tele* zinakaribiana kwa maana lakini hazina sauti ya pamoja, na kwa hiyo hazitufai kitu hapa.

Unapofanya kazi hii utagundua kwamba mzizi si lazima uwe neno linaloweza kutamkwa peke yake. Weka pamoja *bandika* na *bandua*, *funika* na *funua*, *anika* na *anua*. Katika kila jozi kitenzi cha kwanza kinaweka na cha pili kinaondoa, na kinachobaki baada ya kutoa *-ik-* na *-u-* ni *band-*, *fun-* na *an-*, vipande ambavyo hakuna anayevisema vikiwa peke yake. *Inama*, *inua* na *inika* vivyo hivyo zinashiriki *in-*. Mizizi ya namna hii haionekani kabisa kwa mtu anayelitazama neno moja moja, nami naiona kuwa ushahidi bora kuliko wote wa kwamba kulinganisha hakuna mbadala.

Kama una shaka iwapo kiambishi ulichokipata, yaani kipande kinachoambatishwa kwenye mzizi, ni hai au ni kisukuku tu, jaribu neno la kubuni. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wanaozungumza Kiingereza picha ya kiumbe wa kubuni, akawapa jina lake lisilopata kusikika, kisha akawataka waseme jina hilo viumbe wanapokuwa wawili. Watoto waliweza, ingawa hawakuwa wamelisikia neno hilo popote, maana walikuwa na kanuni vichwani mwao na si orodha ya maneno tu. Mwulize msemaji yeyote wa Kiswahili wingi wa *kibenzo*, neno nililolitunga sasa hivi, naye atajibu *vibenzo* bila kusita. Kiambishi *ki-* ni hai.

Hatua ya tatu: kila kipande kipe kazi

Kipande ambacho huwezi kusema kinafanya nini bado hujakitenga sawasawa. Katika kitenzi cha Kiswahili kazi hizo zimepangwa kwa safu isiyovurugika, na anayeijua safu hiyo huchambua haraka. Chukua *hatukuwaandikia*: ha-tu-ku-wa-andik-i-a. Kikanushi kimetangulia, kikafuatwa na kiambishi cha nafsi ya mtenda, kikafuatwa na kiambishi cha wakati uliopita katika ukanushi, kikafuatwa na kiambishi cha watendewa. Kisha ukaja mzizi, kiambishi cha kauli ya kutendea, na kiishio. Urejeshi, ukiwapo, hukaa kati ya wakati na mtendwa, kama katika *aliyetuandikia*, a-li-ye-tu-andik-i-a. Hakuna msemaji anayeweza kuhamisha *-tu-* hiyo ikatangulia *-li-* na kubaki na maana ile ile.

Baada ya mzizi pia kuna mpangilio, ingawa hauko mkali kama wa mbele. Kiambishi cha kutendwa, *-w-*, hupenda kukaa jirani na kiishio: tunasema *andikishwa* na *andikiwa*, na kauli nyingine zote zinakuwa zimekwisha kupita.

Jihadhari na vipande vinavyovaa nguo moja. *Ku* ni mfano mchungu. Katika *kusoma* ni alama ya kitenzi-jina. Katika *hakusoma* ni wakati uliopita uliokanushwa. Katika *amekuona* ni nafsi ya pili inayoonwa. Na katika *anakula* haina maana yoyote, bali imewekwa kwa sababu mzizi *-l-* ni mfupi mno na *-na-* haiwezi kubeba mkazo wa neno. Ndiyo maana *ku* hiyo ya mwisho hutoweka katika *akila* na *asile*, ambamo kiambishi kilichotangulia kinaweza kubeba mkazo. Katika *hakukuona* *ku* mbili zimefuatana, ya kwanza ikiwa ya wakati na ya pili ikiwa ya mtendwa, na mchambuzi anayekariri kwamba "ku ni kiambishi cha kitenzi-jina" atakwama hapo.

Kinyume chake pia hutokea: kipande kimoja kikafanya kazi mbili. Katika *sisomi*, *si-* ni ukanushi na nafsi ya kwanza kwa pamoja, wala hakuna mahali pa kupitisha kisu katikati yake. Wakati mwingine kipande kinameza jirani yake. *Hasomi* ni ha-a-som-i, ambapo *a* mbili zimekuwa moja. Na wakati mwingine kazi inafanyika bila kipande chochote kuonekana: *shati* na *mashati* zinatofautiana kwa *ma-* tu, na umoja unajulikana kwa kutokuwapo kwake. Wataalamu huiita hali hiyo mofimu kapa.

Si lugha zote zinazopanga vipande kwa unadhifu huu. Kituruki kinafanana na Kiswahili, isipokuwa huweka karibu kila kitu baada ya mzizi: *evlerimde* ni ev-ler-im-de, yaani nyumba, wingi, yangu, ndani, neno moja lenye maana ya "katika nyumba zangu". Kichina, kwa upande mwingine, hakiambatishi viambishi vya nafsi wala vya wakati kwenye kitenzi kwa namna hii, na mchambuzi wake hutumia muda mwingi zaidi katika jinsi maneno mafupi yanavyounganishwa.

Hatua ya nne: fuatilia sauti zinazobadilika

Hapa ndipo kazi inapokuwa na utamu, na ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Mofimu moja inaweza kuonekana kwa sura kadhaa, zinazoitwa alomofu, na sura itakayotokea huamuliwa na sauti za jirani. Swali la kujiuliza kila unapokuta sura mbili zenye kazi moja ni hili: je, ninaweza kutabiri ni lini itakuja hii na ni lini itakuja ile? Ukiweza, basi ni mofimu moja.

Anza na jambo jepesi. Kauli ya kutendea ni *-i-* katika *pikia*, *katia* na *fungia*, lakini ni *-e-* katika *somea* na *letea*. Tazama irabu ya mzizi: baada ya *e* au *o* huja *-e-*, na baada ya *a*, *i* au *u* huja *-i-*. Kanuni hiyo hiyo inaongoza *katisha* na *somesha*, *pikika* na *someka*. Kauli ya kutendua ina ubaguzi wake. *-O-* huja baada ya *o* peke yake, kama katika *chomoa*, ilhali mzizi wenye *e* hupata *-u-*, kama *tega* inavyotoa *tegua*.

Kisha tazama majina yanayoanza kwa *u-* au *w-* na wingi wake. *Ubao* huwa *mbao*, *ulimi* huwa *ndimi*, *wimbo* huwa *nyimbo*, na *ukuta* huwa *kuta*. Mwenye haraka ataandika viambishi vinne vya wingi. Kwa hakika ni kimoja, sauti ya puani ambayo huwa *m* mbele ya *b*, huigeuza *l* kuwa *d* na yenyewe kuwa *n*, huwa *ny* mbele ya irabu, na hutoweka mbele ya sauti ngumu kama *k*, *p*, *t* na *f*. Vivumishi vinathibitisha: *mbaya*, *ndefu*, *nyekundu*, *kubwa*, *fupi*. *Mpya* inaonekana kuivunja kanuni, kwani *p* ilipaswa kuifuta sauti ya puani, lakini mzizi *-pya* una silabi moja tu, na neno lingebaki fupi kuliko Kiswahili kinavyovumilia. Kwa sababu iyo hiyo *uso* huwa *nyuso* na ua wa nyumba huwa *nyua*, *u* ikibaki mahali pake badala ya kuondoka kama ilivyoondoka katika *kuta*.

Sasa njoo kwenye sauti ambayo haionekani kabisa. Andika vitenzi *nunua*, *chagua*, *kaa*, *zaa*, *vaa*, *pokea* na *tembea*. Vyote huishia kwa irabu mbili zilizofuatana, na mtu angedhani mzizi wa *nunua* ni *nunu-*. Viweke katika kauli ya kutendea au kutendwa: *nunulia*, *chaguliwa*, *kalia*, *zaliwa*, *valia*, *pokelewa*, *tembelea*. *L* imetoka wapi? Haikuongezwa, ilikuwapo tangu zamani, ikadondoka ilipokuwa mbele ya *a* ya mwisho, na ikabaki ilipofuatwa na *i* au *e*. Lugha nyingine za Kibantu bado zinaitamka: kuzaa ni *zala* kwa Kizulu na *zaala* kwa Kiganda. Kwa hiyo mzizi ulio mwaminifu ni *nunul-*, *chagul-*, *kal-*, *zal-*, na umbo fupi tunalolitamka kila siku ndilo lililopungukiwa.

Endelea mbele hatua moja zaidi, unde majina: *ununuzi*, *uchaguzi*, *makazi*, *mzazi*, *mavazi*, *mapokezi*, *matembezi*. *L* iliyojificha imejitokeza tena, safari hii ikiwa *z*. Na si yenyewe tu inayobadilika mbele ya *-i* hii ya kuunda majina. *K* huwa *sh* katika *mpishi* na *mwandishi*, *t* huwa *s* katika *mfuasi*, *d* na *g* huwa *z* katika *mlinzi* na *mjenzi*, *w* huwa *v* katika *mlevi*, na *b* huwa *v* katika *mgomvi*. Kutoka *iba* zimebaki sura mbili, *mwizi* na *mwivi*, na zote zinafahamika.

Msomaji makini atauliza mara moja kwa nini *pika* inatoa *pikia*, ambamo *k* imesalimika, lakini inatoa *mpishi*, ambamo *k* imekuwa *sh*, ilhali irabu inayofuata ni *i* katika maneno yote mawili. Swali hilo lina jibu zuri. Wanaisimu waliolinganisha lugha za Kibantu wamefikia kauli kwamba lugha-mama yake ilikuwa na irabu saba, na kwamba *i* ya kauli ya kutendea na *i* ya kuundia majina zilikuwa sauti mbili tofauti, ya pili ikitamkwa kwa ulimi ulioinuliwa zaidi na kwa mbano uliozigeuza konsonanti za jirani. Kiswahili kimebaki na irabu tano; *i* zile mbili zimekuwa moja mdomoni, lakini alama iliyoachwa na ile ya pili kwenye konsonanti haikufutika. Tunapotamka *mpishi* tunatamka kumbukumbu ya irabu isiyokuwapo tena.

Kiambishi *-aji*, ambacho nacho huunda majina ya watendaji na matendo, hakina tabia hiyo kwa kuwa huanza na *a*: *msomaji*, *mpigaji*, *utoaji*. Ndiyo maana mzizi mmoja unaweza kuzaa majina mawili yaliyoachana kimaana. *Msomi* ni mtu mwenye elimu, na *msomaji* ni yeyote anayesoma kitu wakati fulani, hata kama ni mtoto wa darasa la kwanza.

Hatua ya tano: tofautisha kubadilisha sura na kuzaa neno jipya

Baadhi ya viambishi huliweka neno lile lile katika mazingira tofauti: *anasoma*, *walisoma* na *hatutasoma* ni kitenzi kimoja, na kamusi haitaviorodhesha mbalimbali. Vingine huzaa neno jipya, pengine la aina nyingine, kama *soma* inavyotoa *somo*, *kisomo*, *msomi* na *usomaji*. Kipimo cha haraka ni kujiuliza kama mtunga kamusi angelazimika kulieleza neno hilo upya. *Vitabu* hakuna haja ya kulieleza kwa anayejua *kitabu*. *Mcheshi* linahitaji maelezo hata kwa anayejua *cheka*.

Ngeli ziko katikati ya makundi haya mawili, na ni vyema kukiri hivyo badala ya kulazimisha. *Ki-* na *vi-* zikibadilishana huonyesha idadi tu. Lakini mzizi *-tu* ukihamishwa kutoka ngeli hadi ngeli hutoa *mtu*, *kitu*, *utu* na *jitu*, maneno manne yenye maana nne. Mzizi *-ji* nao hutoa *mji*, *jiji* lililo kubwa zaidi, na *kijiji* kilicho kidogo. Zingatia *kijiji*: imegawanyika ki-ji-ji, na *ji* ya kati imeingizwa kwa kuwa mzizi wenye silabi moja haupokei *ki-* ya udogo moja kwa moja, kama inavyoonekana pia katika *kijito* na *kijiti*.

Utakutana na vitabu vinavyotumia istilahi *mzizi* na *shina* kwa namna zinazopingana. Wengine huita *pik-* mzizi na *pika* shina. Wengine huita shina chochote kinachoweza kupokea kiambishi kingine. Chagua matumizi mamoja, yaeleze mwanzoni mwa kazi yako, na usiyabadilishe katikati.

Hatua ya sita: maneno yaliyokopwa yapime kwa sarufi ya sasa

*Kitabu* lilitoka Kiarabu, na *ki* yake haikuwa kiambishi kule lilikotoka. Ilikuwa sehemu ya mzizi wenye konsonanti tatu, k-t-b. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia kama *ki-* yao, wakaunda *vitabu*, na tangu hapo mgawanyo ki-tabu ni sahihi katika Kiswahili, hata kama mwenye lugha ya awali angeshangaa. Jambo hilo hilo limetokea karibu zaidi na wakati wetu. *Kiplefti*, neno lililotokana na agizo la Kiingereza la kuwataka madereva wapite kushoto, lina wingi *viplefti*. Na *madigadi*, lililotokana na neno la Kiingereza la kizuia tope cha gurudumu, limekatwa *ma-* na kuachiwa umoja *digadi*.

Kosa la upande wa pili ni kuleta sarufi ya lugha ya asili mahali isipohitajika. Ni kweli kwamba *hukumu*, *hakimu*, *mahakama* na *hekima* zote zinatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na inapendeza kulijua hilo. Lakini Kiswahili hakina kanuni ya kupachika irabu kati ya konsonanti tatu. Maneno hayo yaliingia kila moja likiwa zima, na kwa mchambuzi wa Kiswahili *hakimu* haigawanyiki. *Mhukumiwa* inagawanyika, kwa kuwa imeundwa hapa.

Vitenzi vya mkopo vina alama yao: haviishii kwa *-a* inayobadilika. Husemwa *sisomi*, lakini *sijibu*, *sifikiri*, *sisahau*. Hata hivyo vinajifunza tabia za wenyeji. *Sahau* haikuwa na *l* yoyote ya kale, lakini tunasema *sahauliwa* na *sahaulika*, kwa mfano wa *nunuliwa*. Anayeamini kwamba kanuni za sauti ni historia iliyokufa na alitafakari neno hilo moja.

Hatua ya saba: maneno yaliyojengwa kwa maneno

Sehemu hii ni nyepesi, kwa sababu viungo vyake kwa kawaida vinatambulika. *Mbwamwitu*, *kipimajoto* na *mwananchi* zina mizizi miwili kila moja. Kinachohitaji uangalifu ni wingi. *Mwananchi* hubadilika mwanzo tu, *wananchi*. *Mjamzito* hubadilika mahali pawili, *wajawazito*, kwa kuwa *-zito* ni kivumishi kinachofuata ngeli. Na *mwanamume* hutoa *wanaume*, ambamo silabi moja imemezwa. Kwa hiyo usiseme umelichambua neno ambatano mpaka uwe umeliweka katika wingi.

Urudufishaji unahitaji kipimo kimoja: ondoa nusu moja uone kama iliyobaki ni neno lenye maana inayohusiana. *Katakata* na *tembeatembea* zinafaulu, *pilipili* inashindwa. Maneno yaliyohulutishwa, kama *chajio* kutoka *chakula cha jioni*, na akronimu, kama *UKIMWI* kutoka *upungufu wa kinga mwilini*, hayana mofimu za ndani kwa msemaji wa kawaida. Yataje asili yake, kisha uyahesabu kuwa mzizi mmoja.

Hatua ya nane: geuza njia, uunde neno

Aliyeweza kubomoa anaweza kujenga. Tuseme unahitaji jina la chombo. Anza na kitenzi kinachoeleza kazi ya chombo hicho, kisha utafute kiunzi ambacho vyombo vingine vimepitia. Kiunzi cha kwanza ni *ki-…-o*: *funika* hutoa *kifuniko*, *ziba* hutoa *kizibo*. Cha pili hupitia kauli ya kutendea, na kinafaa pale chombo kinapotumiwa kufanyia tendo: *futa*, *futia*, *kifutio*, *chuja*, *chujia*, *kichujio*. Cha tatu ni *ki-…-i*, nacho kinapenda vitenzi vinavyoishia kwa *-ua* au *-oa*. *Ng'amua* imetoa *king'amuzi* na *kokotoa* imetoa *kikokotozi*, maneno ya vifaa ambavyo wahenga hawakuviona, lakini *z* yake ni ile ile ya *mzazi* na *makazi*.

Baada ya kulipata umbo, lipitishe katika maswali machache. Je, mabadiliko ya sauti yamefuatwa? Je, wingi wake unatamkika? Je, umbo hilo halijashikwa tayari na neno lingine? Swali la mwisho huangusha maneno mengi mazuri. Kutoka *chuja* ungeweza kutaka *mchujo* liwe jina la chombo, lakini tayari linataja tendo la kupunguza washindani, na chombo kimeshapewa *kichujio*. Usipendekeze umbo jipya kwa maana ambayo umbo lililopo linaitosheleza. Wasemaji watalipuuza, nao watakuwa na haki.

Jaribio

Funika aya inayofuata, kisha uchambue kirai hiki: *jibwa lililolilia mfupa*. Maana yake ni mbwa mkubwa ambaye hapo zamani alilia kwa kuutaka mfupa.

*Jibwa* ni ji-bwa, kwa kulinganisha na *mbwa*. *Mfupa* ni m-fupa, kwa kulinganisha na *mifupa*. Katika *lililolilia* jicho linaona *li* nne na kutaka kuzipa kazi nne. Ya kwanza ni ngeli ya *jibwa*. Libadilishe jina liwe *kijibwa* nayo itakuwa *ki-*. Ya pili ni wakati uliopita. Badala yake inaweza kuja *-na-*, kama katika *linalolilia*. Inafuata *-lo-* ya urejeshi. Zinabaki sauti *lilia*, na hapo kumbuka kwamba *lia* ni kitenzi cha irabu mbili, ndugu wa *kaa* na *zaa*, chenye *l* iliyodondoka: mzizi wake ni *lil-*. *I* inayofuata ni kauli ya kutendea, na *a* ni kiishio. Mgawanyo ni li-li-lo-lil-i-a, na *li* ya nne haipo: *l* yake ni ya mzizi, *i* yake ni ya kauli, na mpaka wa mofimu umepita katikati yake.